Makatoni kumi yalitoka Guangzhou, saba yakafika Kigoma

Maswali ya wasomaji kuhusu haki na sheria. Anajibu karani mstaafu wa Mahakama ya Mwanzo, sasa msaidizi wa kisheria, Kigoma.

SWALI

Shikamoo mama. Mimi ni fundi cherehani hapa Mwanga, na nina wasichana ninaowafundisha kazi. Mwaka jana mwezi wa nane niliagiza cherehani kumi za umeme kutoka Guangzhou, kila moja kwenye katoni yake. Bei ya moja ilikuwa 620,000. Mzigo niliwapa wasafirishaji wenye ofisi Kariakoo, na hapa Kigoma wana kijana wao mwenye kiofisi karibu na soko. Usafiri wa zote kumi, 1,500,000 mpaka Kigoma, nilimlipa huyo kijana, nikapewa risiti. Waliniahidi siku 60.

Siku 60 zikapita. Nikawaandikia WhatsApp kwamba nina oda ya sare za shule, wakanijibu, "Usijali dada, mzigo uko majini." Makatoni yamefika mwisho wa Januari, tena ni saba. Moja limelowa, na fundi aliyeitazama mota anasema imeshika kutu, mpya ni 210,000. Nilikataa kuchukua saba wakati nililipia kumi. Sasa wananidai 380,000 za stoo, na yale matatu wananionyesha maandishi ya nyuma ya risiti: kampuni haihusiki na upotevu wala uharibifu wa mzigo.

Kaka yangu anaishi Nairobi, ananiambia huko kuna mahakama ya madai madogo, mtu anajisemea mwenyewe na kesi inaisha upesi. Je, na kwetu ipo? Wakili niliyemwona anataka 1,200,000. Mimi nimeshaamua kuwadai milioni 20, kwa sababu wamenitesa na oda ya sare nimeikosa.

Fundi wa Mwanga, Kigoma

JIBU

Marahaba mwanangu. Nianze na lisilongoja: makatoni saba yaliyo stoo. Kayachukue wiki hii.

Naelewa kwa nini uligoma. Unaogopa ukichukua saba utaonekana umeridhika na saba. Hutaonekana hivyo, mradi upokee kwa maandishi yanayosema kweli. Na kuna upande wa pili ambao kijana wa kiofisi hatakuambia. Kifungu cha 73 cha Sheria ya Mikataba, kile kile kinachokupa haki ya kufidiwa mkataba ukivunjwa, kinataka pia iangaliwe njia uliyokuwa nayo ya kupunguza hasara yako. Hakimu atakuuliza: cherehani sita nzima zilikuwa hatua chache kutoka kwenye chumba chako cha kazi, kwa nini hazikushona? Ukijibu kwamba ulikuwa na hasira, amekuelewa, lakini gharama ya muda huo itakurudia wewe.

Hiyo 380,000 usiigombanie mlangoni. Msafirishaji anaweza kuzuia mzigo mpaka alipwe malipo halali yanayohusu mzigo huo, kwa hiyo swali ni kama haya ni halali. Mwombe mchanganuo wa maandishi: anahesabu kuanzia tarehe gani, kwa kiwango gani, na kiwango hicho mlikubaliana wapi. Akishindwa kujibu, umeshapata kielelezo. Akishikilia, lipa, na saa ile ile mtumie meseji: "Nimelipa ili nipate mzigo wangu. Sikubali kwamba nadaiwa pesa hii, na nitaidai." Risiti yake uihifadhi pamoja na nyingine.

Siku ya kuchukua nenda na mtu mzima asiye ndugu yako, anayeweza kusimama mbele ya hakimu akaeleza alichokiona. Pigeni picha makatoni yakiwa bado yamefungwa, alama za maji zionekane na namba za ubavuni zisomeke. Yafungueni pale pale. Kwenye daftari lao andika kwa mkono wako: "Nimepokea makatoni 7 kati ya 10. Moja limelowa, mota ina kutu. Matatu sijapokea." Kijana asaini. Akikataa, shahidi wako asaini, na umtumie kijana picha ya ukurasa huo kabla hujatoka barazani kwake. Nimekaa masjala muda mrefu, nimewaona watu wenye haki ya wazi wakiinamisha vichwa kwa sababu daftari la upande wa pili lilisomeka "mzigo wote, hali nzuri" na chini yake ipo sahihi yao.

Sasa mahakama. Kaka yako amekuambia kweli. Kenya walitunga Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo mwaka 2016, na mahakama ya kwanza ya aina hiyo ikaanza kazi Milimani, Nairobi, mwaka 2021. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1 za Kenya, na sheria inataka shauri liamuliwe ndani ya siku 60. Huko haikuhusu, maana mkataba wako, pesa yako na mzigo wako vyote viko kwetu.

Tanzania Bara hatuna mahakama yenye jina hilo. Tunayo Mahakama ya Mwanzo, na naumia kila ninapoona inavyodharauliwa. Watu wanadhani ni ya talaka, mirathi na wezi wa kuku. Mahakama hiyo hiyo ina mamlaka ya kusikiliza deni linalotokana na mkataba mpaka shilingi milioni 30, kiwango kilichopandishwa mwaka 2016. Inaendeshwa kwa Kiswahili. Madai unaweza kuyapeleka kwa maandishi au ukayaeleza kwa mdomo yakaandikwa. Wakili si lazima. Mpaka 2021 hata hakuruhusiwa kuingia, na leo anaruhusiwa pale tu inapoongozwa na hakimu mkazi. Kampuni inaweza kumtuma mfanyakazi wake kuisemea. Wewe nawe ukiona ulimi mzito, unaweza kuiomba mahakama imruhusu ndugu yako akusemee. Kwa hiyo ile 1,200,000 ya wakili iache kwanza. Dai lako lenyewe, kama utakavyoona, halifiki milioni 3.

Hapa ndipo ninapotaka unisikilize kuliko pengine pote, kwa sababu hapa ndipo unapotaka kuipoteza kesi yako kwa mkono wako. Milioni 20 usiziandike.

Nimekuambia Mahakama ya Mwanzo inasikiliza deni linalotokana na mkataba. Shika maneno hayo mawili, deni na mkataba. Ukiandika kwamba kampuni ilifanya uzembe, ikakutesa, ikakuvunjia heshima kwa wateja wako, umeshatoka kwenye mkataba na kuingia kwenye madhara, yaani kosa lisilotokana na mkataba, na hayo mahakama hii kwa kawaida haina mamlaka nayo. Mdaiwa mjanja hatajibu habari ya cherehani hata kidogo. Atasimama aseme mahakama haina mamlaka. Akikubaliwa, unarudi mwanzo. Na hoja ya mamlaka ina ubaya wake: inaweza kuinuliwa hata kwenye rufaa, baada ya wewe kushinda, na hukumu yote ikafutwa.

Andika kinachohesabika. Cherehani moja ilikugharimu 620,000, na sehemu yake ya usafiri ni 150,000, jumla 770,000. Tatu ambazo hukupewa ni 2,310,000. Ongeza mota 210,000, kwa risiti ya duka au maandishi ya fundi yenye jina lake na sahihi yake. Hapo umefika 2,520,000. Ukilazimika kulipa stoo kwa kupinga, ongeza 380,000, iwe 2,900,000. Kila shilingi hapo ina karatasi nyuma yake, na hakimu anaweza kuifuata namba kwa kidole.

Oda ya sare nisiipite, maana najua ndiyo inayokuuma zaidi. Kifungu hicho cha 73 kinafidia hasara inayotokea kwa kawaida mkataba ukivunjwa, au ile ambayo pande zote mbili zilijua, wakati wa kuingia mkataba, kwamba huenda ikatokea. Hasara ya mbali hakifidii. Meseji yako ya sare uliituma siku 60 zikiwa zimeshapita. Kama ipo nyingine ya mwezi wa nane, kabla hujalipa, inayotaja sare na tarehe, itafute, ina thamani kubwa. Kama haipo, sioni njia ya kuifikisha oda hiyo kwenye hukumu, na sitaki ubebe dai zito lisilo na miguu likakuangushia na lile lililo jepesi kuthibitika.

Halafu, unamshtaki nani? Umeniandikia "wasafirishaji wenye ofisi Kariakoo". Jina lililo kwenye bango si lazima liwe jina la mdaiwa. Tazama risiti na namba ya mlipakodi iliyochapwa juu yake, kisha tafuta jina hilo kwenye mtandao wa BRELA, wakala wa serikali anayesajili kampuni na majina ya biashara. Ukikuta ni kampuni iliyosajiliwa, iandike kwa jina lake kamili, herufi kwa herufi. Ukikuta ni jina la biashara tu, hilo halina nafsi kisheria. Unamshtaki mtu aliyelisajili, ukiandika kwamba anafanya biashara kwa jina hilo. Kazi hii inakula asubuhi moja. Nimeona samansi zikirudi na majibu kwamba mtajwa hajulikani, na mdai amekaa kwenye benchi na nauli imeshamwishia.

Pa kufungulia usihangaike kwenda Dar es Salaam. Mahakama huangalia mdaiwa anaishi au anafanyia kazi wapi, au chanzo cha dai kimetokea wapi. Pesa uliilipa Kigoma, mzigo ulikuwa ufikishwe Kigoma, na upungufu umeonekana Kigoma. Fungua hapa, kwenye Mahakama ya Mwanzo ya eneo kilipo kiofisi hicho.

Maandishi ya nyuma ya risiti yasikukoseshe usingizi. Jiulize: uliyaona lini? Kama ulihesabu pesa, akaipokea, ndipo akachana risiti akakupa, masharti hayo yalikuja baada ya mkataba kufungwa, na hukuyakubali. Mweleze hakimu mpangilio huo wa matukio, polepole, nani alitangulia kufanya nini. Pia Sheria ya Mikataba inamtaka aliyekabidhiwa mali ya mwenzake aitunze kama mtu makini angetunza mali yake mwenyewe. Makatoni matatu mazima hayapotei kwa mtu makini asiweze kusema yalipotelea wapi. Waulize kwa maandishi: yalipakiwa China? Yalishushwa Dar? Yalipanda gari la Kigoma? Kwenye kituo kipi hesabu iligeuka kutoka kumi kuwa saba? Majibu ya "yako nyuma, yanakuja" uyahifadhi pia, kwa sababu mtu anayesema yanakuja amekubali kwamba aliyapokea.

Muda nao una mtego. Madai ya mkataba kwa kawaida yana miaka 6, na utamsikia mtu akikutuliza kwa hilo. Shehena ya baharini ina utaratibu mwingine. Kanuni za Hague za 1924, kanuni za kimataifa za mizigo ya meli ambazo hati nyingi za shehena hufuata, zinataka taarifa ya upungufu itolewe wakati wa kupokea mzigo, au ndani ya siku 3 kama dosari haionekani kwa nje, na shauri lifunguliwe ndani ya mwaka 1 tangu mzigo ulipokabidhiwa au ulipopaswa kukabidhiwa. Kanuni hizo zinamgusa hasa mwenye meli, lakini msafirishaji wako anaweza kujaribu kujikinga nazo. Yale matatu yalipaswa kufika karibu na Oktoba. Wewe jihesabie mwaka kuanzia hapo, na ufungue shauri mapema kabla haujaisha.

Kabla ya kufungua, andika barua ya madai. Ukurasa mmoja unatosha: tarehe ya mkataba, ulicholipa, kilichofika, kisichofika, kiasi unachodai, siku 14 za kulipa, na kwamba baada ya hapo utakwenda mahakamani. Usitukane. Peleka nakala kiofisini wakusainie kupokea, na nyingine itume Kariakoo kwa njia itakayokupa risiti. Wengi hulipa hapa, nimeliona hilo, kwa sababu barua yenye hesabu safi huwaonyesha kwamba anayedai amejipanga.

Sambamba na barua, peleka malalamiko TASAC, Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, ambalo husajili na kusimamia wakusanyaji wa mizigo ya meli. Wana ofisi Kigoma. Waulize kwanza kama hao wamesajiliwa. Lakini malalamiko hayo yasikufanye uuache mwaka upite.

Siku ya kusikilizwa beba ankara ya Guangzhou, risiti ya usafiri, ujumbe wa malipo ya simu kama upo, picha, barua ya madai, na shahidi wako. Meseji za WhatsApp zichapishe zikionyesha namba na tarehe, na simu yenyewe uwe nayo. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inazitambua kumbukumbu za namna hiyo. Kwenye madai hutakiwi kuthibitisha bila kuacha shaka yoyote, hiyo ni ya jinai. Hakimu anapima ushahidi wa nani ni mzito. Jibu unachoulizwa, na usimkatize kijana wa kampuni hata akisema uongo, zamu yako ya kumuuliza ipo, na swali lako kubwa ni moja tu: "Ulipokea makatoni mangapi?"

Ukishinda, asiyeridhika ana siku 30 za kukata rufaa Mahakama ya Wilaya. Na hukumu hailipi yenyewe. Mdaiwa akinyamaza, unarudi kuomba ikazwe, yaani itekelezwe kwa nguvu ya mahakama, na hapo mahakama itataka uonyeshe mali ya kukamatwa na dalali wake. Kwa hiyo tangu sasa angalia wana nini: gari la kusambazia mizigo lenye jina la nani, vifaa gani ofisini, na kama mali yao nyingi iko Dar, hukumu inaweza kupelekwa mahakama ya huko kukazwa. Uchunguzi huo ufanye wakati bado hawajajua unachunguza.

SWALI

Mama habari. Nafanya biashara ya dagaa na mawese, napakilia boti Kibirizi. Magunia yangu manane yalivuka kwenda Kalemie, yakafika yamelowa, mnunuzi akayakataa. Mwenye boti ni Mkongo, yuko ng'ambo. Pesa niliilipa kwa wakala wake hapa Kibirizi, lakini sikuambiwa boti ni ya nani mpaka baada ya hasara. Nifuate wapi?

Mama Dagaa, Gungu

JIBU

Nzuri, na pole sana. Dagaa waliolowa hata kuku anawakataa, najua hasara hiyo ilivyo.

Usivuke ziwa. Mahakama ya Kigoma haiwezi kumtuma dalali wake Kalemie, na kesi ya kule itakuhitaji uishi kule. Jibu lako limo kwenye sentensi yako ya mwisho. Wakala anayefanya mkataba bila kumtaja anayemfanyia kazi huwajibika mwenyewe. Ulikubaliana naye, ulimlipa yeye, na jina la mwenye boti ulikuwa hulijui. Mdai wakala huyo, Mahakama ya Mwanzo ya hapa, thamani ya magunia manane na nauli uliyolipa. Yeye ndiye atakayejua namna ya kumtafuta mwenye boti wake.

Unachokosa ni ushahidi wa kule. Mnunuzi wa Kalemie akuandikie au akurekodie: alipokea lini, magunia yalikuwaje, kwa nini aliyakataa. Mtafute na abiria au mpakiaji mmoja aliyekuwa botini, wa upande wetu, anayeweza kusema kama turubai lilifunikwa au halikufunikwa. Bei ya dagaa iandike ya wiki ile uliyopakia, usiandike ya siku za mbalamwezi ambapo wameadimika. Hakimu wa Kigoma bei ya dagaa anaijua.

Na kuanzia mzigo ujao, kabla gunia halijabebwa, muulize wakala jina la mwenye boti na uliandike wewe mwenyewe kwenye risiti, mbele yake.

SWALI

Mwangaluka mama. Niko Tabora, narina na kununua asali Sikonge. Nilituma ndoo sita za lita 20 kwa basi kwenda Mwanza. Mbili zilipasuka. Mpokea mizigo wa basi hakunipa risiti, alinipa namba ya kiti cha konda na namba yake ya simu tu. Nauli ya mzigo nilituma kwa simu. Wanasema bila risiti sina kesi. Kweli?

Mfuga Nyuki, Tabora

JIBU

Mwangaluka baba. Si kweli. Mkataba wa mdomo ni mkataba. Ujumbe wa malipo uliobaki kwenye simu yako una jina, kiasi, tarehe na saa. Ukiufuta ndipo utakuwa huna. Mpokeaji wa Mwanza alipiga picha? Kama alipiga akutumie leo, zikiwa na tarehe. Kama hakupiga, aandike alichokiona na awe tayari kuja au kueleza.

Jiandae kwa hoja moja, kwamba ndoo zilikuwa dhaifu au hukuzifunga vizuri. Kama ulimwambia mpokea mizigo kwamba ndani ni asali na zisilazwe, na kulikuwa na mtu amesikia, huyo ndiye shahidi wako wa kwanza. Kama zilikuwa ndoo za aina moja na nne zimefika nzima, liseme hilo mbele ya hakimu.

Basi linalosafirisha vifurushi kwa malipo linatakiwa liwe na leseni ya huduma hiyo kutoka TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Waulize wanayo ipi. Ukiona hawajibu, andika malalamiko TCRA, na nakala LATRA wanaosimamia mabasi. Barua ya madai iende kwa mmiliki wa basi, jina lake lililo kwenye leseni, usimwandikie konda. Dai bei ya lita 40 kama unavyouza jumla Tabora, ndoo mbili, na theluthi ya nauli ya mzigo. Wasipolipa ndani ya siku 14, Mahakama ya Mwanzo ya eneo la stendi ulikokabidhi mzigo itakupokea. Ukifika masjala uliza kiasi cha ada kwa dai la ukubwa huo, na uombe gharama hiyo uijumuishe kwenye madai. Ada ikikushinda, mwambie karani unataka kuomba msamaha wa ada. Hapo Tabora pia wapo wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, na watakuandikia ombi hilo bila malipo.